Karabai na Somo la Joto

Wakati wa mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya Kasingirima, tuliketi nyuma ya darasa tukimsikiliza mwanachuo akifundisha nishati. Aliandika ubaoni kwamba joto laweza kugeuzwa kuwa mwanga; watoto wakanakili. Mmoja akauliza mbona karabai ya baba yake yang'aa kuliko moto wa jikoni, ilhali moto wa jikoni ni mkubwa zaidi. Akaambiwa asivuruge somo. Nasi, kwa aibu twakiri, tuliandika katika ripoti kwamba nidhamu ilikuwa nzuri.

Swali lile ndilo lililokuwa somo lenyewe. Kuni hutoa sehemu kubwa ya nguvu zake kama mnururisho tusiouona, ambao ngozi huuhisi tu. Katika karabai, kinachong'aa hasa si moto, bali kile kifuko cha nyuzi alichokibuni Carl Auer von Welsbach wa Austria katika miaka ya 1880. Oksidi zilizomo hupata joto kali na kulitoa zaidi kama mwanga uonekanao. Joto hutoa mawimbi ya kila namna; kifaa ndicho kichaguacho. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika wameitegemea taa hiyo miaka mingi, kabla ya taa za betri kuenea.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya kitoto. Sivyo. Leo wanafizikia wachunguza namna ya kugeuza joto kuwa mawimbi ya maikrowevu kwa saketi za metali ambazo, zikipozwa karibu na nyuzi 273 chini ya sifuri, haziupingi umeme hata kidogo. Tabia hiyo aliigundua Kamerlingh Onnes mwaka 1911. Kikinzani chenye joto hutoa msukosuko wa umeme wa mawimbi mengi, kama Johnson na Nyquist walivyoonyesha mwaka 1928. Saketi huchagua wimbi moja. Tena lazima upande mmoja uwe na joto kuliko wa pili, sharti alilolieleza Carnot mwaka 1824. (Huko hata upande wa "joto" waweza kuwa baridi kupita barafu yoyote!)

Kwa hiyo hatuikubali desturi ya kuanza na fasili. Andalio la somo lianze na taa, iwashwe nje na mwalimu mwenyewe, watoto wailinganishe na kibatari, ndipo maneno yaandikwe ubaoni. Mtoto yule bado hajajibiwa. Muhula ujao twarudi Kasingirima, na karabai tumekwisha kuiazima.