Pangeni Foleni, Msifunge Mlango

Kila muhula lawama ni zile zile: intaneti ni nzito, basi wanafunzi wanaangalia mpira. Baada ya lawama hutoka amri. YouTube inafungwa na kila simu inawekewa kikomo kimoja. Naipinga amri hiyo, wala si kwa sababu nachukia mipaka. Laini moja inayotumiwa na watu mia ni lazima igawanywe. Ninachokikataa ni mgao wa kijinga.

Tupige hesabu. Laini ni ya megabiti 20 kwa sekunde, wanafunzi ni 100, fundi anampa kila mmoja kilobiti 200 na kujiona ametenda haki. Ikifika saa sita usiku, watano tu ndio wako macho, wana kazi ya kuwasilisha asubuhi. Kila mmoja bado amebanwa kwenye kilobiti zake 200. Wote pamoja wanatumia megabiti moja. 19 zimelala, nazo zimeshalipiwa. Faili la megabaiti 50 ambalo lingeshuka kwa muda usiofika dakika mbili sasa linachukua zaidi ya nusu saa. Haki gani hiyo?

Sisi wa Gisenyi tulipaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine, maana tunaliona mpakani kila siku. Petite Barrière hupita waendao Goma kwa miguu, wengi wao akina mama wenye nyanya na mboga. Malori hupita Grande Barrière. Hakuna aliyewakataza wenye malori kufanya biashara. Wamepangiwa foleni yao, ili mama mwenye kikapu asisubiri lori likaguliwe.

Ruta nayo huweza kupanga hivyo ikiamriwa. Mtu mmoja akipakua filamu, pakiti zake hujaza foleni, na ujumbe mfupi wa mwenzake hukaa nyuma yake. Mara nyingi sauti ya mwalimu wa mtandaoni hukatika kwa urefu wa foleni hiyo, hata kama laini yenyewe inatosha. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha njia iitwayo CoDel: ruta hupima pakiti imesubiri kwa muda gani, na subira ikizidi huanza kuangusha baadhi, hivyo mtumaji hupunguza mwendo. CAKE, iliyoingia katika Linux mwaka 2018, huongeza jambo tunalolihitaji zaidi: inaweza kugawa kwa kifaa, hata mwenye kupakua vitu ishirini kwa mpigo asiwameze wengine. Wakiwa watano, wanagawana laini yote. Wakiwa mia, wanagawana kwa mia. Programu hizi ni za bure. Sharti ni kuweka kasi chini kidogo ya ile tunayolipia, ili foleni ijengeke kwenye ruta yetu tunayoitawala, si kwa mtoa huduma.

Wapo watakaosema tununue laini kubwa zaidi. Tununue, fedha zikipatikana! Lakini Rwanda haina bahari. Sehemu kubwa ya intaneti yetu hutoka kwenye nyaya zinazotua Mombasa na Dar es Salaam, na tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika, Afrika Mashariki ilikwama. Siku kama hiyo, mwenye mgao mzuri hupata angalau barua pepe yake. Mwenye laini kubwa isiyopangwa hugombana na jirani.

Kuhusu YouTube, nawauliza walimu wetu: ruta itajuaje ipi ni mechi na ipi ni mhadhara wa fonolojia? Mwanafunzi wa Kiswahili anayetaka kusikia lafudhi ya Lamu au ya Unguja ataisikia wapi, akiwa hapa kando ya Ziwa Kivu? Mwenye mechi atatafuta VPN na kuiona. Mwenye mhadhara ataukosa.

Tena kikomo kiwe cha wote. Nimewahi kusoma mahali ambapo simu za wanafunzi zilibanwa huku kompyuta za ofisini zikiachwa huru, na kanuni haikuandikwa popote. Tuliigundua kwa kupima kasi wenyewe. Ninachodai ni karatasi moja ubaoni, kando ya ratiba ya mitihani: kasi tunayolipia, namna inavyogawanywa, na nani ameachwa nje ya mgao.