Bahari nayo hupeta

Sisi wa pwani tunaijua bahari kwa uso wake: kusi na kaskazi, maji kujaa na kupwa. Kilindini, penye giza na baridi, tumezoea kupafikiria kama ghala lililofungwa, ambamo mashapo hushuka taratibu na kulala palepale yalipoangukia. Wanasayansi waliiacha dhana hiyo zamani. Mwaka 1966 Bruce Heezen, Charles Hollister na William Ruddiman walionyesha kuwa mikondo ya kilindini, inayopita sambamba na mteremko wa bara, ndiyo iliyofinyanga sehemu kubwa ya sakafu ya Atlantiki mashariki mwa Amerika Kaskazini. Wanaopanga matumizi ya bahari yetu, nionavyo, bado wanaliamini ghala lile.

Ushahidi wa karibu umo katika gesi. Hifadhi ya gesi ya Coral, kaskazini mwa Msumbiji, iligunduliwa mwaka 2012, na shehena yake ya kwanza ya gesi iliyosindikwa iliondoka Novemba 2022. Mchanga unaoishika gesi hiyo ulilazwa zama za Eosini, zaidi ya miaka milioni 34 iliyopita, na maporomoko ya tope yaliyoshuka kutoka barani kupitia mifereji ya chini ya maji. Katika poromoko la aina hii mchanga mzito hukimbia ukigusa sakafu, na tope laini huinuka juu yake kama vumbi nyuma ya lori. Mkondo wa kilindini, uliokuwa ukienda kaskazini, ukalichota wingu hilo na kulimwaga kando ya mfereji, upande wa kaskazini, likawa tuta. Mferejini ukabaki mchanga uliopetwa kama mchele kwenye ungo, wenye nafasi tele za gesi kukaa. Mifereji ya namna hiyo iko pia chini ya bahari ya Tanzania, na ina jambo la kushangaza: miaka ilivyopita ilisogea kusini, yaani kule mkondo ulikotoka, kwa sababu matuta ya kaskazini yaliibana. Wengi tungebashiri kinyume.

Atakayepinga atasema mkondo wenyewe ni goigoi, sentimita kumi au ishirini kwa sekunde, na kazi yake ni ya mamilioni ya miaka. Serikali hupanga kwa miaka mitano. La kwanza ni kweli, ila chembe ya mfinyanzi haihitaji nguvu nyingi ili isitue. Isitoshe, mkondo hauendi kwa mwendo mmoja. Vipimo vya miaka ya 1980 karibu na Nova Scotia, Kanada, kwenye kina cha zaidi ya mita 4,000, vilinasa dhoruba za sakafuni zilizotifua mashapo kwa siku kadhaa. La pili linajibiwa na plastiki, kitu ambacho hakikuwepo zama za Eosini. Utafiti wa Bahari ya Tirreni, Italia, uliochapishwa mwaka 2020, ulikuta hadi vipande milioni 1.9 katika mita moja ya mraba ya tabaka jembamba la sakafu, vikiwa vimerundikwa na mikondo ileile inayojenga matuta ya tope. Maporomoko nayo hayajastaafu: Januari 2020 moja lilishuka korongo la Mto Kongo kwa zaidi ya kilomita 1,100 na kukata mikongo ya mawasiliano.

Kwa hiyo yeyote anayeomba kulaza bomba au mkongo kwenye mteremko wetu, yakiwemo mabomba yatakayoleta gesi Lindi mradi wa kuisindika huko ukianza, atakiwe kwanza kupima mkondo wa sakafuni kwa mwaka mzima usiokatika, na vipimo vipelekwe vyuo vikuu, visifungiwe kabatini mwa kampuni. Kuna hoja ya gharama, na si ya kupuuzwa, maana meli za utafiti ni ghali. Lakini picha za mitetemo zilizoonyesha mifereji ile zilikwisha kupigwa kwa ajili ya kutafuta gesi, na kifaa cha kupimia mkondo hufungwa kwenye nanga kikaachwa peke yake hadi meli irudi kukichukua. Kisima kimoja cha kilindini hugharimu makumi ya mamilioni ya dola. Anayemudu kukichimba hashindwi na nanga.