Si Gesi, Ni Utumbo Umejinyonga

Acheni kusema ni gesi. Neno hilo linaua.

Tuseme ni mzee wa Tarakea, huku kwetu Kilimanjaro. Jioni tumbo linamkata, linaachia, linakata tena. Usiku linaanza kuvimba. Choo hakuna, hata ushuzi, mniwie radhi, hautoki. Kijana anatumwa duka la dawa, anarudi na magnesiamu. Jirani analeta chupa ya mizizi. Shemeji anashauri apigwe bomba la maji ya sabuni. Siku ya tatu tumbo limekuwa ngoma, ukiligonga kwa kidole linalia. Ndipo mnakumbuka kuwa kuna hospitali!

Siku zote hizo utumbo mpana ulikuwa umejisokota kwenye shina lake, kama kamba ya mbuzi aliyeuzunguka mgomba hadi akajikaba. Hewa na kinyesi vimenaswa, damu haipiti. Utumbo usiopata damu huwa mweusi, ukaoza, ukatoboka. Mzizi gani utaifungua kamba hiyo? Na dawa ya kuharisha itasukuma nini, wakati njia imefungwa?

Msiniambie ni maradhi mageni. Mwaka 1968 daktari mpasuaji J. J. Shepherd alichapisha taarifa ya wagonjwa 425 wa aina hii kutoka Uganda. Ajabu zaidi, picha ya kawaida ya eksirei mara nyingi huutaja ugonjwa waziwazi: kitanzi cha utumbo kilichojaa hewa huonekana kama punje ya kahawa, na mfuo wake katikati. Madaktari duniani kote huiita hivyo hivyo, punje ya kahawa. Sisi tuliosomeshwa kwa kahawa, tunaojua punje mbovu kwa kuigusa tu, ndio tunaozika watu kwa kutoitazama hii moja!

Tiba ipo, ila haingoji. Kitanzi cha upande wa kushoto kikiwa bado hai, daktari hupitisha mpira kwa njia ya haja kubwa; hewa hutoka kwa kishindo na tumbo hunywea. Hapo msikimbilie nyumbani kuchinja mbuzi. Kitanzi hicho hurudi kujisokota, kwa hiyo hupangiwa upasuaji kikatwe. Kikiwa kimeoza, mpira hauna kazi, ni kisu mara moja, na pengine mgonjwa ataishi na mfuko wa choo tumboni. Na ile aina adimu, inayosokota mwanzo wa utumbo mpana upande wa kulia, kwa kawaida nayo ni kisu tu.

Nanyi mnaopanga bajeti, msijifiche nyuma ya ujinga wetu. Eksirei inayofungwa saa kumi jioni si eksirei. Gari la wagonjwa linalongoja ndugu wachangishane mafuta ni pambo la uani. Hospitali ya rufaa ya KCMC ina wapasuaji, lakini iko Moshi. Kutoka Tarakea unapita Mkuu, Mwika na Himo ndipo uifikie. Rufaa inayoandikwa asubuhi kwa tumbo lililovimba usiku imeandikwa kwa maiti.

Basi shikeni hili, mwambieni na jirani: tumbo limevimba, linauma, choo na ushuzi havitoki. Msimpe mgonjwa chakula wala dawa ya kuharisha. Mpelekeni hospitali yenye chumba cha upasuaji usiku huohuo, si kesho.