Tope la Nakivubo lina wafanyakazi wake

KATWE ninayoizungumzia si ile ya chumvi. Ile iko Kasese, na wafanyabiashara wa Mpondwe wanaijua kuliko mimi. Hii ni Katwe ya Kampala, ya wachomeleaji na mashine za kusaga unga. Hata hivyo, habari za chumvi zinatuhusu.

Ndugu zetu waliorudi kutoka pwani wanalikumbuka tope la mikoko, jeusi, lenye harufu ya yai viza. Harufu hiyo ni kazi ya bakteria. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, na ndani yake mna salfeti. Kwenye tope lisilo na hewa, bakteria wanaotumia salfeti huwashinda wale wanaotengeneza gesi ya methani. Ndiyo sababu mikoko hutoa gesi hiyo kidogo kuliko vinamasi vya maji baridi. Chumvi ikiingia mahali palipozoea maji baridi, kama ilivyowapata wakulima wa mpunga katika delta ya Rufiji, hauumii mpunga peke yake. Vijidudu wa udongoni nao hubadilishana zamu. Wanaoshughulikia amonia, kwa mfano, hulegea.

Sasa tuangalie kwetu. Maji machafu ya Katwe huingia mfereji wa Nakivubo, hupita kwenye kinamasi cha mafunjo, kisha humwagika Ghuba ya Murchison. Katika ghuba hiyo hiyo, pale Ggaba, ndiko yanakotekwa maji mengi tunayokunywa mjini. Vijidudu walioshikamana na mizizi ya mafunjo hutusafishia bila kudai mshahara. Mwaka 1999 wachumi waliofanya kazi na shirika la uhifadhi la IUCN waliikadiria huduma hiyo kuwa na thamani ya dola kati ya milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka.

Bahari haitafika Katwe, lakini tunayo sumu yetu. Watafiti wamekuta risasi, shaba na zinki katika tope la mfereji huo. Metali hizo haziozi. Bakteria wanaozistahimili hubaki, na si lazima wawe ndio wasafishaji.

Wanaorudi na dola zao nao wajihadhari na dalali wa viwanja vya bei rahisi kinamasini. Katiba ya 1995 inaiweka ardhi oevu mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi, na kifusi kikishamwagwa maji hayagusi tena mizizi. Yanakwenda ziwani kama yalivyotoka chooni.

Mamlaka ya Jiji ituwekee Katwe mapipa ya maji ya betri, tena mwaka huu, kabla ya semina nyingine ya mazingira. Nanyi mnaonunua betri kuukuu, zipokeeni zikiwa na maji yake. Msimwambie muuzaji ayamwage mtaroni kwanza ili kilo zipungue.