Kinga ya Kompyuta Ipimwe Kabla ya Kununuliwa

Hakuna mfugaji afikaye mnadani Msalato akatoa fedha zake kabla ya kumtazama ng'ombe meno, kumwendesha hatua chache na kuuliza alikotoka. Lakini wapo walimu na watumishi wa serikali ambao, pamoja na busara hiyo yote mnadani, hununua programu ya kuilinda kompyuta ya nyumbani kwa kuvutiwa na rangi ya kasha au maneno ya muuzaji. Tabia hii haina budi kusahihishwa.

Kompyuta ya nyumbani si jambo la mwenyewe peke yake. Ndani yake mna alama za wanafunzi, barua za ofisi na taarifa za mishahara. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imedhihirisha kwamba taarifa za mtu ni amana. Aiachaye kompyuta wazi huhatarisha amana ya wenzake.

Mwezi Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilienea katika nchi zaidi ya 150, kikafunga majalada ya watu na kudai fidia. Jambo la kusikitisha ni kwamba kampuni ya Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa dawa ya ufa huo tangu mwezi Machi. Waliodhurika ni wale ambao kompyuta zao hazikuwa zimewekewa. Kwa hiyo kinga ya kwanza ni kuisasisha kompyuta. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye mtambo huo akinunua kinga ya ghali bila kulishughulikia jambo hili, anatia kufuli jipya katika mlango uliooza.

Swali la pili ni kama kuna haja ya kununua. Windows 10 na Windows 11 huja na kinga yake, Microsoft Defender, isiyolipiwa. Programu ya fedha lazima ithibitishe inaongeza nini. Shahidi asiwe muuzaji, bali wapimaji huru kama AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria. AV-TEST hutoa hadi alama 6 kwa kila moja ya mambo matatu: kuzuia virusi, kutoilemea kompyuta, na kutomsumbua mtumiaji kwa tahadhari za uongo. Mwalimu anaelewa vema kwamba mwanafunzi hapimwi kwa somo moja. Kinga inayokamata kila kirusi lakini ikaifanya kompyuta kuukuu isifunguke, au ikamaliza bando la mwezi kwa wiki moja, haijafaulu.

Swali la tatu ni uaminifu. Mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliiagiza kampuni ya Avast ilipe dola milioni 16.5, kwa tuhuma kwamba ilikusanya na kuuza habari za tovuti walizotembelea wateja wake. Mlinzi wa usiku naye ni wa kuchunguzwa. Ama nakala za wizi zinazouzwa kwa bei ya kutupa, hizo ni kumkabidhi mwizi ufunguo, kwani mara nyingi kirusi kimo humo humo.

Hata hivyo, hakuna programu imzuiayo mtu kutoa nywila yake kwa hiari. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" haukuvunja mlango wowote. Ulibisha hodi ukafunguliwa. Kinga ya kweli ni tahadhari ya mtumiaji, kompyuta iliyosasishwa, na nakala ya kazi muhimu inayowekwa mbali na kompyuta yenyewe.

Inafaa kila shule na kila ofisi imteue mjuzi mmoja awafundishe wenzake mambo haya. Gharama yake ni saa moja tu. Gharama ya kupotea kwa alama za kidato kizima itawaangukia watoto wasiokuwa na kosa.