Gari Lisilo na Msumari

Kwa miaka ishirini na mitatu nilisimama mbele ya watoto nikawafundisha uongo. Sikujua kuwa ni uongo, lakini mwalimu hasamehewi kwa kutojua. Tulikuwa na picha ya mtu wa nchi za baridi, amevaa ngozi, mbwa wanamvuta juu ya theluji. "Huyu ni Mweskimo," nilikuwa nikiwaambia, "na hiyo ni sleji, gari lisilo na magurudumu, kwa sababu wenzetu hawa hawajalijua gurudumu." Watoto walicheka, na mimi nilicheka nao.

Ningekaa kimya na aibu yangu, lakini uongo huo bado nausikia, tena kwa watu waliosoma kunishinda. Juzi barazani bwana mmoja mwenye shahada mbili alitusimulia kuwa hata Kanada wapo watu wa nyuma, wanaoburura mbao kwenye barafu mpaka leo. Nikamwuliza: Bwana wee, gurudumu litafanya nini kwenye theluji laini? Litazama. Huko kinachotakiwa ni kuutandaza uzito, na mbao mbili ndefu zinautandaza. Akanijibu kuwa mimi ni mzee wa kupinga maendeleo.

Basi na anisikilize. Mwaka 2018 nilikwenda kumwona binti yangu Kanada, akanipeleka makumbusho. Nikakuta sleji ya Wainuit, maana hilo ndilo jina lao. Lile la Eskimo wengi wao wanaliona tusi. Wao huiita qamutiik. Mbao mbili ndefu chini, na juu yake mbao fupi nyingi zimekingama. Niliinama kutafuta misumari mpaka binti yangu akaona haya. Hakuna hata mmoja! Kila mbao imefungwa kwa kamba ya ngozi. Barafu ya bahari haikulainika kama lami. Ina matuta na mipasuko, na kwenye baridi ile mbao iliyopigiliwa msumari hupasuka. Iliyofungwa kwa kamba hujipinda, ikapanda tuta na kushuka, mzigo ungali salama.

Hapo nilimkumbuka babu yangu, aliyekuwa akitusimulia habari za mtepe wa pwani yetu ya Lamu, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, nacho hakikuwa na msumari. Kilipogonga mwamba kilijikunyata badala ya kuvunjika. Mtepe nao tuliuita ushamba, tukauacha ukafa.

Kuna mambo mengine ambayo yule bwana wa shahada mbili hakuyasoma. Zamani mbao za chini zilipakwa tope la mboji, likiganda mtu alilipulizia maji kutoka kinywani na kuyasugua kwa kipande cha ngozi ya dubu, mpaka barafu ing'ae kama kioo. Sleji ya namna hiyo iliteleza na mzigo mzito. Na Wanetsilik, wanaoishi mahali pasipoota mti, walikuwa wakifunga samaki ndani ya ngozi iliyolowa, wakauacha mzigo ule ugande ukawa mgumu kama gogo, nao ndio uliokuwa mguu wa sleji. Joto liliporudi, sleji ilifunguliwa na samaki akaliwa. Nionyesheni lori linaloliwa.

Roald Amundsen wa Norwei alikaa jirani na Wanetsilik hao tangu 1903 hadi 1905, akajifunza kwao kuendesha mbwa na kuvaa manyoya. Tarehe 14 Desemba 1911 alifika Ncha ya Kusini, na watu wake wote watano walirudi salama. (Mbwa wengi aliwachinja njiani wakaliwa, jambo ambalo halinipendezi.) Robert Scott wa Uingereza alikwenda na sleji tatu za mota. Moja ilizama baharini ikiteremshwa melini, mbili zikafa injini. Mwisho watu walijifunga kamba wenyewe wakavuta. Walifika Januari 1912, na wote watano wakafia njiani wakirudi. Shuleni nilimfundisha Scott kama shujaa. Wanetsilik sikuwataja hata siku moja.

Dharau hii inaua. Tangu miaka ya 1950 hadi ya 1970, Wainuit walipokuwa wakikusanywa vijijini ili watoto waingie shule, polisi na maofisa waliwapiga risasi mbwa wao kwa mamia. Sheria ilitaka mbwa wafungwe, na wenyewe hawakuelezwa vizuri. Ofisa aliona mbwa koko. Mwenyewe aliona miguu yake. Asubuhi sleji ipo mlangoni, na hakuna wa kuivuta. Sili yuko mbali, na dukani vitu ni kwa pesa. Serikali ya Kanada iliomba radhi mwaka 2019 kwa Wainuit wa eneo la Qikiqtani, ikaomba tena Novemba 2024 kwa wale wa Nunavik.

Leo qamutiik nyingi huvutwa na pikipiki za theluji. Kamba imekuwa ya nailoni, na mbao za chini zimevishwa plastiki. Lakini bado zinafungwa, kwa sababu zile zile.

Mwanafunzi wangu mmoja sasa anafundisha jiografia katika chumba nilichokuwa nikifundisha. Nimempelekea picha niliyopiga makumbusho, ya vile vifundo, aitundike ilipokuwa ile ya zamani. Bado hajanijibu.