Kusukumwa Si Kubebwa

Wanachuo wenzangu, leo naomba tuongelee treni. Ndiyo, treni, tena ya Japani.

Kati ya stesheni za Yokokawa na Karuizawa, reli ilipanda mlima wa Usui kwa kilomita 11.2. Penye mwinuko mkali zaidi, kila mita 15 treni ilipanda mita 1. Kwa reli hiyo ni balaa, maana chuma juu ya chuma huteleza. Ndiyo maana treni zilisimama Yokokawa, zikafungwa kwa nyuma vichwa viwili vya umeme aina ya EF63, zikasukumwa hadi juu.

Somo liko hapa. Treni za mwendokasi za zamani, aina ya 181, zilizima mota zake na kusukumwa kama mzigo tu. Mwisho wao mabehewa 8. Mwaka 1975 ikaja 189, ikapiga safari za Asama kati ya Ueno na Nagano. Hii mota zake zilifanya kazi mlimani pamoja na EF63. Mabehewa yakafika 12! Mlima uleule, vichwa vilevile.

Sasa tujiangalie. Kazi ya kundi: majina kumi, mwandishi mmoja. Tisa wamezima mota, halafu tunaita kusaidiana. Mtihani ukifika ni madesa, matokeo yakitoka ni supu na lawama.

Mimi nasomea ualimu, na hili linanitisha. Aliyebebwa miaka mitatu kesho atasimama mbele ya watoto wa kidato cha pili kufundisha asichokijua. Atakayeumia ni mtoto ambaye hata kwenye kundi letu hakuwemo.

Sisemi tusisaidiane. Hata 189 isingepanda Usui bila kusukumwa, kwa hiyo usione haya kuomba msaada. Ninachopendekeza ni kidogo: kabla jina halijaandikwa kwenye kazi, kila mtu awaeleze wenzake kwa mdomo sehemu aliyoifanya. Asiyeweza, aeleweshwe mpaka aweze.

Kuna atakayesema reli hiyo ilifungwa 1997, shinkansen ikapita kwingine penye mwinuko nafuu, na 189 za mwisho zikastaafu 2019. Kweli kabisa. Wajapani walipata njia nyingine. Sisi, ya kufikia ubaoni mbele ya wale watoto ni hii hii ya kupanda.